Mholanzi Aliyeshushwa Cheo na Daraja Ambalo Hatukuliomba

Wanangu mnaoanza kazi ya itifaki, kaeni vizuri niwaeleze kabla chai haijapoa. Mimi nimestaafu, nakaa Mafiga, nafuga kuku na kugombana nao. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea wakubwa: kujua nani anakaa wapi, nani anaanza kuongea, nani hapendi kuwekwa jirani na nani. Ofisi yenyewe siitaji, maana baadhi ya waliokuwa wakubwa zangu bado wana afya njema na simu zenye salio. Kule Mwembesongo nilikozaliwa walishaniita Mama Itifaki, na hadi leo nikienda msibani nikamkuta mtu amekaa kiti kisicho chake, chakula hakinishuki.

Nyinyi mmerahisishiwa. Mtu anashika kipaza sauti, anasema "itifaki imezingatiwa," basi, kamaliza. Imezingatiwa na nani? Enzi zetu ilizingatiwa kwa mdomo, cheo baada ya cheo, mpaka wanakwaya wanasinzia na mbuzi wa zawadi anakata kamba. Na ukimsahau mmoja, huyo mmoja ndiye anayesaini likizo yako.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kasimu, mtu wa Ngerengere, zamani mpiga tarumbeta wa bendi. Alikuwa haongei, anatangaza. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, kiti cha mkubwa kikalie wewe kwanza. Kama ni cha kuvunjika, kivunjike na wewe." Nikadhani ananitania. Wiki hiyohiyo nilikalia kiti cha plastiki uwanjani, miguu yake minne ikaenda pande nne za dunia, nikabaki chini nimeshika ratiba. Mzee Kasimu akapita kando yangu bila kuniinua, akasema, "Umeona. Leta kingine."

Alinifundisha pia kubeba kanga mkobani. Hilo liliniokoa, halafu likaniangusha. Mkubwa mmoja aliinama kukata utepe, suruali ikachanika kwa sauti ambayo hata bendi iliisikia. Nikaruka na kanga, nikamfunga kiunoni kabla wapiga picha hawajageuka. Nilichosahau ni kusoma maandishi. Mkubwa alizunguka mbele ya umma akikagua gwaride, nyuma yake imeandikwa WIVU WAKO HAUNIPUNGUZII KITU. Kwa hiyo kanga bebeni, lakini muisome kwanza nyumbani.

Na somo lake la tatu ndilo linalonileta kwenye habari ya leo. Alisema, "Wasifu wa mgeni unasomwa kupanda. Anza na cheo kidogo, maliza na kikubwa. Watu hukumbuka cha mwisho." Mimi nikaitikia ndiyo mzee, na kwa miaka yote sikuwahi kupata shida, kwa sababu wageni wetu wote walikuwa wanapanda. Aliyeshuka nani angemwalika?

Sasa akaja Mholanzi. Jina lake Harmen. La ukoo lilikuwa refu, nilikuwa nalitamka nikiwa nimeshika meza. Mkoa wa kwao ulikuwa na urafiki na mkoa wetu, naye akaja kutazama kama kuna jambo la maji au la barabara wanaloweza kutusaidia. Mtu mrefu, mwembamba, zaidi ya miaka sitini, miwani puani, na ulimi usiojua kuzunguka. Katika chakula cha kumkaribisha alimsikiliza mkuu wangu wa kazi, tumwite Bwana Ngoda, akihutubia. Alipomaliza, Harmen akampa mkono akasema kwa Kiingereza, "Nzuri, lakini ingekuwa nusu ingekuwa nzuri zaidi." Bwana Ngoda alitabasamu kama mtu aliyeumwa na siafu mbele ya wakwe.

Siasa za mtu huyu zisikilizeni vizuri. Ujana wake aliingia baraza la mkoa wa kwao. Akapanda, akawa mbunge wa taifa. Akapanda tena, akawa naibu waziri wa maji, na nchi yao, alivyonieleza, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo huko naibu waziri wa maji si mtu wa mchezo. Kisha serikali yao ikaanguka. Akarudi mkoani, akaingia katika uongozi wa mkoa, akapewa mitaro na madaraja. Kwao jambo hilo ni la kawaida, mtu anapanda taifani, anateremka mkoani, hakuna anayeshtuka. Kwetu aliyekuwa naibu waziri ukimkuta anashughulika na mitaro, unavua kofia na kuuliza kwa upole kumetokea nini.

Tulimpeleka Mgeta, juu kabisa, kijiji nitakachokiita Kwa Bi Siku, maana Bi Siku ndiye alikuwa mwenyekiti wake. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Kijiji kiko upande mmoja wa mto. Shule, zahanati na barabara viko upande mwingine. Katikati kulikuwa na magogo mawili. Kiangazi unavuka huku unaomba Mungu, masika huvuki kabisa. Mjukuu wa Bi Siku alizaliwa ukingoni pale, mama yake amelala juu ya machela, mvua inampiga, wabebaji wamesimama wanatazama maji yanapita juu ya magogo. Bi Siku alinihadithia jambo hilo bila kulia, lakini mikono yake ilikuwa inachuma majani ya mche wa njegere mmoja mpaka ukabaki uchi.

Basi tukapanga, mimi na yeye. Nilimwambia, "Bi Siku, huyu mgeni madaraja ndiyo kazi yake. Mkutanoni utasimama, utaeleza mto, utaomba daraja. Usizunguke, hawa wanapenda maneno mafupi." Akasema, "Wewe niachie mimi. Kuomba daraja nimeanza kabla hujaota meno." Nikatulia.

Siku yenyewe magari yaliishia ng'ambo, tukavuka magogo kwa kushikana mikono, jua linawaka, hakuna aliyedondoka. Wanakijiji wote walikuwa wamejaa uwanjani. Mimi nikasimama kusoma wasifu. Ulikuwa umetoka kwao umepangwa kwa miaka, nami nilitaka kuupanga upya, ila Bwana Ngoda alikuwa amesema, "Soma ulivyo. Wazungu hawapendi kubadilishiwa." Nikasoma. Diwani wa mkoa: makofi. Mbunge: makofi na vigelegele. Naibu waziri: mzee mmoja akasimama kabisa. Halafu nikasoma kwamba sasa yuko mkoani, anasimamia mitaro na madaraja, na uwanja ukanyamaza. Nilisikia kuku akiparura.

Bi Siku akaninong'oneza, "Alikula?"

"Alikula nini?"

"Fedha za watu."

"Hakula, Bi Siku. Serikali yao ilianguka tu."

"Basi alionewa," akasema, na neno hilo likapita uwanja mzima kabla sijafunga mdomo.

Kuanzia hapo kila kitu Harmen alichofanya kilikuwa ushahidi. Mkoba wake alikuwa ameubeba mwenyewe mgongoni. Watu wakatazamana. Mama mmoja akauliza kwa adabu kama nyumbani ana dereva, nikamtafsiria, naye akajibu kwa furaha kabisa kwamba kazini huenda kwa baiskeli. Nikatafsiri. Mama yule akaweka mkono mdomoni. Nyuma yangu nikasikia mzee mmoja anamwambia mwenzake, "Hata gari wamemnyang'anya."

Zamu ya Bi Siku ikafika. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akamtazama yule mtu mrefu aliyekaa kwenye kiti nilichokijaribu mwenyewe asubuhi. Nikasubiri mto, nikasubiri daraja.

"Mwanangu," akaanza, "pole."

Uwanja mzima ukaitikia, "Pole sana."

"Tumesikia yaliyokukuta. Ulikuwa juu, wamekushusha. Sisi hatujui ya huko kwenu, lakini kuanguka tunakujua, maana tunaishi mlimani. Usijinyonge, usinywe pombe. Kula vizuri."

Akaketi. Niliinama pembeni yake, natabasamu kwa ajili ya wageni, nasema kwa meno, "Bi Siku, daraja."

"Nyamaza wewe. Mfiwa anaombwa chumvi?"

"Hakufiwa."

"Kufiwa na kazi si kufiwa?"

Bwana Ngoda alikuwa ananikazia macho nisitafsiri. Harmen alikuwa ananikazia macho nitafsiri. Mzee Kasimu aliniambia zamani kwamba mkalimani akianza kuchagua maneno, ageuke mgombea. Nikatafsiri yote, mpaka ya pombe.

Harmen hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Niliposhindwa, chama changu kilinitumia maua. Kwenye kadi waliandika jina la mtu mwingine. Mke wangu alisema afadhali, sasa nitatengeneza bomba la jikoni. Hakuna aliyeniambia hivi." Machozi yakamlengalenga. Mimi niliyezoea machozi ya wanasiasa, najua ya kweli na ya kampeni, yale yalikuwa ya kweli.

Kisha akajikohoza, akawa Mholanzi tena. "Lakini nimekuja kuwauliza. Mna shida gani hapa?"

Bi Siku akainuka haraka. "Hatuna shida yoyote."

Nikafumba macho.

"Tuko salama kabisa," akaendelea. "Wewe angalia mambo yako kwanza."

Na hapo zikaanza zawadi. Makabichi, viazi, njegere, karoti za kufungwa na majani yake, na jogoo mwekundu mwenye hasira. Pamoja na zawadi ukaja ushauri. Mzee mmoja alimwambia arudi kwa wapiga kura wake nyumba kwa nyumba, tena bila viatu, wamwone ameteseka. Mwingine akasema ahamie chama cha waliomshinda, ampishe mtu nafasi halafu ampindue. Mwingine alitaka kunong'ona habari za mganga wake wa Matombo, Bwana Ngoda akamkatiza kwa kuomba maji ya kunywa. Harmen aliniomba nimtafsirie kila neno. Ya kubadili chama aliyacheka mpaka akashika mbavu, akasema kwao wapo waliofanya hivyohivyo.

Tulipoondoka, manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Mgeta yasiyokuuliza. Magogo yakawa kama yamepakwa sabuni. Nilimshauri Harmen ampe mtu jogoo. Akasema hapana, zawadi hubebwa na aliyepewa. Hayo ndiyo mambo ya Wazungu, wanaelewa mila katikati ya hatari.

Alifika katikati ya gogo. Jogoo akajitikisa. Harmen akajitikisa kumfuata jogoo. Nikaona miguu mirefu imepita usawa wa kichwa chake, halafu maji. Jogoo akaruka, akatua ng'ambo, akawika. Bwana Ngoda, aliyekuwa nyuma yake na suti yake ya kijivu, alikumbatia gogo akiwa amelala juu yake, akaanza kusema, "Jamani, jamani," kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Mimi nilikuwa ukingoni na kanga yangu, natafuta kanuni. Hakuna. Mgeni akianguka mtoni, itifaki haijaandika aitwe nani kwanza.

Bi Siku hakutafuta kanuni. Aliingia majini na nguo zake, akamshika mgeni mkono. Maji yalikuwa ya kiuno kwa Harmen, kwa Bi Siku ya kifua. Harmen akatema maji, akaonyesha magogo, akapiga kelele, "Hapa panatakiwa daraja."

Nikatafsiri kwa sauti kubwa, kwa furaha ya maisha yangu.

"Mwambie asijisumbue," Bi Siku akajibu kutoka majini. "Mvua zikiisha hupungua."

"Anasema usijisumbue."

"Nataka kujisumbua. Ni kazi yangu."

"Mwambie mtu hajengi kwa jirani na kwake kunavuja."

Wakabishana hivyo, wameshikana mikono, maji yanawapita, mmoja anabembeleza kutoa daraja, mwingine anabembeleza kulikataa, na mimi ukingoni natupa maneno huku na huku. Mwisho nikachoka. Kwa mara ya kwanza kazini nikaacha ya wengine, nikasema yangu. "Bi Siku, mjukuu wako amezaliwa hapo uliposimama. Kubali."

Akatazama maji yaliyomzunguka. Kisha akamwuliza Harmen polepole, "Hiyo kazi ya madaraja, hawatakunyang'anya na yenyewe ukitusaidia?"

Nikamtafsiria Harmen. "Mwambie sijui," akasema. "Siasa ndiyo hivyo. Lakini nikiwahi, mtakuwa mmeshavuka."

"Basi awahi," Bi Siku akasema, na akamtoa majini.

Aliwahi. Nisiwachoshe na mafaili, wanangu, mafaili mtayakuta wenyewe. Mkoa wao ukatoa fungu lake, wetu ukatoa lake, wanakijiji wakabeba mawe na mchanga kichwani, mhandisi kijana akaja, mwenye mashaka na kila kitu, na daraja la waenda kwa miguu likasimama juu ya yale magogo kabla ya masika. Lakini uchaguzi wa kwao ulikuja kabla ya ufunguzi wa kwetu. Chama cha Harmen kilipigwa. Alinitumia ujumbe kwenye simu: "Safari hii wamechukua na mitaro." Akaongeza kwamba atakuja hata hivyo, kwa nauli yake.

Sherehe ya ufunguzi mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja, ambaye kama kawaida alipata dharura, akamtuma Bwana Ngoda amwakilishe. Mtu anayemwakilisha mkubwa, wanangu, huwa mkubwa kuliko mkubwa mwenyewe. Bwana Ngoda alifika mapema kukagua turubai, akapita kiti kwa kiti akisoma majina. Akafika kwenye kile nilichokibandika jina la Harmen, mstari wa mbele.

"Huyu ana cheo gani sasa?"

"Ndiye aliyelileta daraja, mkuu."

"Nimekuuliza cheo."

"Hana."

"Itifaki unaijua kuliko mimi. Asiye na cheo anakaa na wananchi."

Na kweli nilikuwa naijua, na hilo ndilo lililoniuma. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia watu hilohilo, kwa tabasamu hilihili. Nikabandua karatasi, ikachanika mkononi, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ya kanga.

Harmen alifika kwa bodaboda, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampokea, nikaanza kuzunguka na maneno, akanikatiza. "Sina kiti?"

"Huna."

"Vizuri. Hotuba zitakuwa ndefu?"

"Bwana Ngoda ndiye anayezungumza."

"Basi afadhali nikae mbali," akasema. Alijitahidi kucheka, lakini mtu aliyezoea mstari wa mbele utamjua kwa macho. Alitazama viti vile kidogo, akageuka.

Bi Siku akatufikia, kavaa kanga mpya. Hakusalimu. "Wamekurudisha?" akamwuliza.

Nikatafsiri. Harmen akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Sasa sina kazi kabisa. Nimekuja Harmen tu."

Nilisubiri pole. Haikuja. Bi Siku alimshika mkono, kama siku ile majini, akamwongoza chini kuelekea mtoni, akipita mbele ya turubai lililopambwa. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye nguzo za daraja. Wakapita chini yake, yeye bila shida, Harmen kwa kuinama kama twiga anayekunywa maji. Walipofika katikati Bi Siku akaketi juu ya daraja, akaning'iniza miguu juu ya mto, akapigapiga zege kando yake. Harmen akaketi.

Bwana Ngoda ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alikuwa hajamaliza kuwatambua viongozi wakati yule mama aliyemzawadia Harmen njegere aliponyanyuka na mwanawe mgongoni, akateremka, akapita chini ya utepe, akaketi nao. Kisha wazee. Kisha kwaya, na ngoma yao. Kisha mstari wa pili wa viti, kisha wa kwanza, wanajifanya wanakwenda kujisaidia. Mhandisi alikimbia huku na huko akishika kichwa, akisema jamani uzito, msikae wote, jamani. Hakuna aliyemsikiliza, na daraja halikutikisika.

Bwana Ngoda alisoma ukurasa mwingine mbele ya viti vitupu na mimi. Akanyanyua macho. Akaniuliza bila kipaza sauti, "Wamekwenda wapi?"

"Mtoni, mkuu."

Akakunja hotuba yake, akateremka. Nilimfuata na mkasi kwenye sinia, lakini alipofika kwenye utepe hakuuomba. Alishika suti yake akainama akapita. Alisimama pale katikati ya makalio na vichwa, hajui aweke wapi miguu yake.

"Kuna nafasi?" akauliza.

Harmen hakuhitaji kutafsiriwa. Alimsukuma Bi Siku kidogo, Bi Siku akamsukuma mama wa njegere, na kati yao ikatokea nafasi ya mtu mmoja. Bwana Ngoda akaketi na suti yake ya kijivu juu ya zege.

Nami nikabaki nimesimama na sinia, nimetazama safu ile ya miguu inayoning'inia, ya mwakilishi wa mkubwa, ya mwenyekiti, ya mtu asiye na kazi, ya watoto, yote juu ya maji, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua nani alitakiwa kukaa kwanza. Nikaweka sinia chini, nikavua viatu, nikauliza kama kuna nafasi.